Kigingi Kilicholiwa na Mchwa

Siku zile Katuba ilipokuwa bado inanukia majani yaliyofyekwa jana, mtoto aliyetaka kuuona mji wote wa Elisabethville hakuhitaji ghorofa. Alipanda kichuguu. Ninyi wenzangu mliokulia upande ule mnajua kwamba sisemi vile vituta vya kufika magotini. Vichuguu vyetu vilipita paa la nyumba, viliota miti mgongoni, na watu wa kupima barabara walipovifikia walivizunguka kama unavyomzunguka ng'ombe aliyelala njiani.

Chetu tulikiita Mulima. Kilikaa mpakani, nusu kwetu na nusu kwa jirani. Ukiwa juu yake uliona bomba la mgodi likitoa moshi wake mnene, na kando yake ule mlima mweusi wa masalio ya shaba ambao kila mwaka uliongezeka urefu kuliko sisi watoto. Uliona reli iking'aa. Uliona nyika tupu iliyoachwa makusudi kututenga sisi na mji wa Wazungu, na ng'ambo ya nyika, miti yao ya maua ya zambarau. Upepo ukigeuka, ulionja moshi wa mgodi kwenye ulimi, mkali kama kulamba sarafu. Mama alianua nguo haraka, akilitukana bomba kama anavyomtukana mtu.

Kabla ya hapo tuliishi Alber, ile ambayo leo inaitwa Kamalondo, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya mjomba. Tulilala kwa zamu za mbavu: ukitaka kugeuka, unawaomba wengine wageuke pia. Baba alifanya kazi relini. Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya watu wa kupewa lupango Katuba, yaani kiwanja cha kujenga mwenyewe, mama aliimba siku tatu. Lakini lupango ilikuja na sharti. Kibanda cha bati na miti kilikuwa cha kujistiri tu. Kabla mvua za mwaka wa pili hazijaanza, ulitakiwa uwe umesimamisha kuta za matofali ya kuchoma hadi juu ya madirisha. Agenti wa serikali angepita kukagua. Asiyekuwa na kuta angerudi alikotoka, na lupango ingepewa mwingine. Orodha ilikuwa ndefu, na kila mtu alimjua mtu aliyekuwa anangojea.

Majirani zetu walitutangulia mwezi mmoja. Fundi Ramazani alikuwa mshonaji, mwislamu wa Maniema, mtu mwembamba asiyevua kastabini kidoleni hata akila. Mkewe, Mama Zaina, alipika wali ambao harufu yake iliruka mpaka bila ruhusa. Binti yao Zaina alikuwa na umri wangu, na siku ya kwanza tu aliniuliza kama naweza kuteleza kutoka juu ya Mulima nikiwa nimekalia kipande cha bati. Nilikuwa siwezi. Jioni nilikuwa naweza, na nilikuwa sina ngozi gotini.

Huo ulikuwa uwanja wetu wa michezo. Tuliteleza, tuliruka kamba, tulichimba vishimo vya kisolo, bao letu, chini ya Mulima na kuhamisha kokoto hadi tukagombana. Tulikula matunda ya masuku hadi meno yakawa ya manjano. Tulikunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kwenye kibuyu kimoja, ule mtamu ambao haujakaa siku ya pili. Na mvua ya kwanza ikinyesha, Mulima ulifunguka na kutoa inswa, wale kumbikumbi wenye mabawa. Mama na Mama Zaina walifunika matundu kwa majani, wakaacha mdomo mdogo, na chini yake sufuria ya maji. Unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, unatia chumvi, unakula na bukari, ugali wetu, ya moto. Wajukuu wangu leo wakiona inswa wanapiga mayowe na kutafuta dawa ya kupuliza. Kisha wanakwenda kununua soseji ambayo hakuna ajuaye ilikuwa mnyama gani.

Shuleni nilidumu miaka mitatu. Masista walitufundisha kusoma, kuhesabu, kushona vifungo, na kuimba kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kichwa kilikuwa sawa; tatizo lilikuwa dirisha. Kila treni ikipiga honi nilitaka kujua inakwenda wapi. Siku moja niliifuata reli kwa miguu hadi nikarudishwa na walinzi. Nilitaka kujua kwa nini siafu hawagongani, kengele ina nini ndani, sista ana nywele au hana. Mama alikuwa na usemi mmoja kwa ajili yangu: "Numbi, ile miguu yako iko natafuta mashauri, na itaipata."

Iliyapata hayo matata juu ya Mulima.

Watu wa serikali walipopima malupango yetu, walikuta kichuguu katikati ya mstari wao. Basi walipanda na kupigilia kigingi cha mpaka palepale kileleni. Kigingi cha mti, jamani, juu ya nyumba ya mchwa! Walikipaka chokaa kichwani, wakaandika kwenye karatasi yao, wakaenda. Hayo yalifanyika wakati sisi bado tuko Alber. Waliokiona kikipigiliwa ni kina Ramazani peke yao. Kutoka chini hakikuonekana, kwa kuwa majani yalikuwa marefu kule juu na kichwa chake hakikuzidi ngumi.

Alasiri moja Zaina alikuwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Nilikaa juu peke yangu, nikakitazama kile kigingi, nikajiuliza kimeingia ardhini kiasi gani. Hilo tu. Nilikivuta nikitegemea kishindane na mimi. Kilitoka kama jino la mtoto. Chini hakikuwa na kitu. Mchwa walikuwa wamekila hadi kikawa filimbi, na wengine walikuwa bado wanatembea ndani wakiendelea na kazi.

Nilicheka kwanza. Kisha nikakumbuka ni cha serikali. Nikajaribu kukirudisha, lakini kileleni udongo ni mgumu kama chungu na kipande kilichobaki hakikuweza kusimama. Nikashuka nacho. Upande wa kina Zaina, chini kabisa ya Mulima, palikuwa na udongo laini kwa sababu Mama Zaina alimwaga hapo maji ya kufulia. Nikakichomeka pale, nikajiambia kesho nitatafuta namna. Kesho ilikuja na mambo yake.

Wiki iliyofuata baba alipata mapumziko ya siku nne. Alikuwa na hofu moja: matofali. Udongo wa kawaida wa Katuba ni mchanga, ukiuchoma unavunjika kama mkate mkavu. Udongo mzuri ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshaukanda. Nusu ya Mulima haikutosha nyumba. Basi alichukua kamba, akavuta mstari kutoka kigingi cha barabarani, na akakikuta kigingi cha pili chini ya Mulima, upande wa mbali. Mulima wote ulikuwa wetu! Nilimwona baba akivua kofia na kujipiga paja. Jioni ile ile alianza kuchimba.

Fundi Ramazani alirudi kutoka kazini akamkuta na jembe.

"Baba Numbi, pole na kazi. Unachimba upande yako, si vile?"

"Nachimba Mulima yangu, Fundi. Angalia kigingi."

Fundi aliangalia. Alizunguka. Alipanda hadi juu, akashuka.

"Kigingi ilikuwa yulu kule. Mimi mwenyewe niliwaona wakipiga nyundo."

"Sasa iko hapa."

"Baba Numbi, kigingi inatembeaka?"

"Uliza ile Serikali iliyoipanda. Mimi ninaikuta mahali iko."

Watu wa mtaa walikwisha kusogea. Kijana mmoja akasema labda kigingi kilichoka kukaa kileleni, kikashuka kutafuta kivuli; wakacheka wote. Fundi hakucheka. Baba alikuwa mkweli, na mtu mkweli aliyekosea ni mgumu kuliko mwongo, maana hana anachoficha. Mama Zaina alitoka mlangoni akamwambia mama, kwa sauti ya kusikika barabara nzima, kwamba yeye huko Maniema ameona mengi lakini hajaona kigingi chenye miguu, labda kwetu relini vinafundishwa kutembea. Mama akamjibu kwamba kwetu relini hata kuku anajua pa kulala. Na mimi nilisimama nyuma ya kibanda, nikiitazama hii miguu yangu miwili.

Kesho yake Zaina hakuja. Mama yake alikuwa amemkataza. Hakuna harufu ya wali iliyoruka mpaka, au iliruka lakini sisi tuligeuza pua. Baba alifinyanga matofali kwa kalibu ya mbao, akayapanga juani safu kwa safu, mekundu mazuri. Fundi naye alijaribu kwa udongo wa uani mwake. Alipoyaondoa kwenye kalibu yalisimama kidogo, yakafikiri, yakaanguka.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Najua idadi kwa sababu sijawahi tena kunyamaza muda mrefu kiasi hicho. Nilijiambia fimbo ya baba ni fupi lakini mkono wake ni mrefu. Nilijiambia nikisema, tutarudi Alber kugeuka kwa zamu. Mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri, joto likawa lile la kabla ya mvua. Jumapili moja tukitoka misa, nikamwona Mama Zaina ameketi uani anakunja mikeka. Hakuwa anafagia. Alikuwa anaikunja na kuifunga kwa kamba, kama mtu anayehama. Zaina alikuwa amemshikia ncha ya kamba. Aliniona. Hakunitolea ulimi, hakunigeuzia mgongo. Alinitazama tu, kama unavyoitazama treni ambayo hutaipanda.

Nilikwenda chini ya Mulima nikaking'oa kigingi. Nikaingia nacho ndani. Baba alikuwa anakata tonge la bukari. Nikakiweka mezani kando ya bakuli la mboga ya sombe.

"Baba, kigingi haina na miguu. Ni mimi niliitembeza."

Nikasema yote. Baba alikigeuza kile kipande, akakiinua jichoni, akatazama dirishani kupitia tundu lake. Mchwa mmoja akaanguka kwenye sombe. Mama alikuwa wa kwanza kutoa sauti. Nilifikiri analia, kumbe alikuwa anacheka huku ameshika kichwa.

"Nilisema! Ile miguu! Nilisema!"

Baba hakucheka. Alinawa mikono ingawa alikuwa hajala. Akanishika mkono, akashika kigingi, tukatoka tukapita pale ambapo kwa siku kumi na moja hakuna mtu aliyepita. Alipofika mbele ya Fundi Ramazani alivua kofia.

"Fundi, ulisema kweli. Ilikuwa yulu. Huyu mutoto aliitoa. Lakini mutoto alitoa kigingi tu. Maneno ni mimi niliyatoa. Unisamehe."

Kumsikia baba yako akiomba msamaha mbele ya watu ni kuzito kuliko fimbo. Nilitaka ardhi inimeze, lakini udongo wa Katuba ni mchanga, hata kumeza haujui.

Fundi alikichukua kigingi. Akaingiza kastabini yake ndani ya tundu. Ikaingia sawasawa, kama imepimwa. Ndipo akaanza kutikisika mabega. "Mama Zaina! Kuya uone! Wazungu banapanda mti mu nyumba ya mchwa, kisha sisi bantu weusi tunagombana!" Na Mama Zaina akaja na mkeka bado mkononi, akaangalia, akasema kigingi kile kimekula chumvi nyingi kuliko mumewe.

Lakini kicheko hakijengi nyumba. Baba alikuwa ameshachimba zaidi ya nusu ya Mulima, na hata matofali ya Mulima wote yakigawanywa, kila mmoja angepata kuta tatu. Nani anaishi ndani ya kuta tatu? Wiki mbili, labda chini, na mawingu hayo juu. Wakakaa chini wote wanne, na sisi watoto tukasahauliwa pembeni bega kwa bega. Fundi aliwaza kwa namna ya kazi yake.

"Kitambaa ikikuwa kidogo kwa makoti mbili," alisema, "sikati makoti mbili. Nafanya moja yenye mushono katikati. Sasa Mulima ikitoka yote, pale katikati panabaki pa wazi. Tusimamishe ukuta moja. Wewe unakuwa upande ile, mimi upande hii. Kuta tatu na kuta tatu, na moja ya wote."

Baba alichora mchangani kwa kigingi. Akafuta. Akachora tena. "Inatosha," akasema. Halafu akasema, "Lakini tutasikiana kikohozi."

"Tutajua kama uko muzima," akajibu Mama Zaina, akaanza kufungua mikeka.

Enzi hizo mtu hakujenga peke yake. Mama alipika munkoyo kwenye mapipa, na watu walikuja kwa kazi na kwa kibuyu, ndugu wa reli kwa upande wetu, washonaji na wauza samaki kwa upande wao. Tulijenga tanuru moja, tukalipaka tope, tukalilisha kuni. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuziba nyufa kwa mikono. Siku lilipofunguliwa, matofali yalilia yakigongwa, kama kengele. Huo mlio ninaukumbuka hadi leo. Mulima ulishuka siku kwa siku, na kuta zikapanda. Tulikuwa tunauhamisha tu.

Agenti alifika asubuhi ambayo mawingu yalikuwa tayari yananguruma. Mzungu mnene mwenye kofia ngumu ya jua, na karani wake mweusi mwenye karatasi. Kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Safu ya mwisho bado ilikuwa mbichi. Akazunguka. Akasimama mbele ya ukuta wa katikati.

"Hii nyumba iko moja ao mbili?"

"Mbili, bwana," alisema baba.

"Moja, bwana," alisema Fundi kwa wakati uleule.

Agenti akatazama karatasi. "Kigingi iko wapi?"

Nilimwona baba akimtazama Fundi. Basi nikaingia kibandani, nikatoka na kile kipande, nikampa mkononi. Alikigeuza. Akaona tundu. Akamtazama karani wake, karani akatazama mawingu. Mzungu yule alianza kuwa mwekundu, na sisi tulidhani ni hasira, hadi tumbo lilipoanza kurukaruka. Alicheka hadi akafuta macho. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye karatasi yake, na yeye naona hakutaka kulowana kwa ajili ya mchwa. Akaandika haraka.

"Basi ukuta njo kigingi," alisema, yaani ukuta ndio mpaka, akakimbilia gari.

Baada ya hapo, vigingi vya Katuba vilivyopigiliwa kwenye vichuguu vilikuwa vya chuma. Nasikia watu wakisema ni maendeleo. Mimi najua chanzo chake.

Tuliishi na ule ukuta kama watu wanaoshiriki sikio. Alfajiri tulimsikia Fundi akiamka kuswali, nao walisikia rozari yetu jioni. Cherehani yake ilinibembeleza kulala mchana nilipougua surua. Fundi akitaka kumwita baba, aligonga ukuta mara tatu kwa kastabini: tik, tik, tik. Baba alijibu kwa kijiko. Zaina na mimi tulikuwa na lugha nzima ya kugonga, na mama zetu walikuwa na yao, hasa wakati wa mwezi wa kufunga na wakati wa Noeli, sahani zilipopishana mlangoni.

Kisha miguu yangu ikanichukua. Nimeuza vitambaa Mokambo, nimepika chakula cha madereva Kasumbalesa, nimelala kwenye stesheni ambazo majina yake yamebadilika mara mbili. Zaina aliolewa Kindu, akafia huko. Wazee wakaondoka mmoja mmoja. Mimi niliyekimbia kila kitu ndiye niliyerudi kuishi upande wetu wa ukuta.

Katuba ya leo imejaa. Kila lupango imezungushiwa ua wa matofali ya saruji wenye vioo vilivyovunjika juu, na geti la chuma. Majirani wanajuana kwa mlio wa jenereta. Upande wa Fundi umenunuliwa na kijana mpole wa benki. Alikuja kwangu mwaka huu na simu yake mkononi, akapima hatua uani, akaniuliza kwa heshima, kama bibi yake: "Kambo, mupaka ya kweli iko wapi? Simu inasema iko katikati ya ukuta." Anataka kuubomoa ajenge ghorofa. Nilimwambia simu yake ina akili kuliko serikali ya zamani. Nikamwambia pia akibomoa ukuta wake, wangu unakwenda nao, kwa kuwa ni mmoja. Alikuna kichwa. Alisema atafikiri.

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha alasiri. Mulima hauko tangu utoto wangu, lakini chini kabisa, chini ya msingi, wenyewe hawakuhama. Inswa walianza kutoka kwenye ufa mdogo, palepale ukuta unapokutana na sakafu. Nikatandaza majani, nikaweka sufuria. Kutoka upande wa pili nikasikia mayowe ya mtoto, kisha vishindo, kisha sauti ya kike ikisema hapana, usiwapulizie, ngoja baba aje.

Nilichukua kijiko. Nikagonga ukuta mara tatu.

Nadhani mtoto alikuwa anautazama ukuta. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu, kwa kitu chepesi, pengine kalamu, pengine simu ya mama yake: tik, tik, tik.

Nikatia chumvi kwenye kikaango na kwenda kufungua geti.